Paa la Nani?

Fleti ya kifahari ndani ya jumba la kale la Mji Mkongwe wa Unguja ina namna yake ya kuuzwa. Mnunuzi hupelekwa jioni, jua linapoelekea kuzama. Hupandishwa ngazi, akafunguliwa roshani, akaonyeshwa majahazi yakirejea na vijana wakijirusha baharini pale Forodhani. Ndani ameshapitishwa mlango wa msaji uliochongwa, jiko jipya, bafu lenye maji ya moto, na kuta nyeupe, nene kiasi kwamba mtu anaweza kukaa kitako dirishani. Bei hutajwa kwa dola. Kama ni Mzanzibari aliyekaa Muscat au Toronto miaka yote hii akitamani kurudi kwao, au ni mgeni aliyekuja likizo mji ukamwingia moyoni, hapo hapo ameshakubali. Kilichobaki ni karatasi.

Kabla hajafika kwenye karatasi, ninataka aulize swali moja. Paa la jengo hili ni la nani?

Simaanishi nani ameandikwa kwenye hati. Namaanisha mvua ikinyesha usiku wa manane na maji yakaanza kudondoka kwenye ukumbi wa ghorofa ya tatu, ni nani anayepanda juu na tochi? Nani anamwita fundi asubuhi, na fedha za fundi zinatoka wapi? Ukipata jibu la maswali hayo, lenye jina la mtu na hesabu ya fedha, umeshajua kama unanunua nyumba au unanunua mandhari ya bahari yenye kuta zinazongoja zamu yake kuanguka.

Naanzia juu kwa sababu nyumba za Mji Mkongwe huuawa na maji. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, unene wake nusu mita na zaidi. Sakafu za ghorofani zimebebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na ndiyo sababu vyumba vya kale ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, mita 3 hivi au pungufu. Juu ya boriti hupangwa vipande bapa vya mawe, juu ya mawe humwagwa chokaa na kokoto, kisha sakafu hutwangwa mpaka ishikamane. Ni ujenzi wa akili sana. Ukikaa mkavu, wajukuu wa wajukuu wataurithi. Maji yakipata njia, kinachooza kwanza ni kichwa cha boriti, kile kipande kilichozama ukutani, kwa kuwa hakipati hewa na wala hakionekani.

Nimewahi kupanda na fundi mmoja chini ya mabati ya jumba moja la mtaa wa Kiponda. Alichukua bisibisi, akaichomeka katikati ya boriti. Haikuingia, haikuacha hata alama. Akasogea hatua mbili, akaichomeka pale boriti inapoingia ukutani, nayo ikazama mpaka mpini. Akaichomoa, ikatoka na unga mweusi, mbichi. Chini ya boriti hiyo palikuwa na chumba kilichopakwa rangi karibuni, kitanda kimetandikwa, feni inazunguka, na waliokuwa wakilala humo hawakuwa na habari.

Majumba mengi ya mtindo wa Kiarabu yalijengwa yakiwa na mapaa bapa. Lakini mvua zetu si mvua za Oman. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hushuka katika masika, kati ya Machi na Mei, siku nyingine bila kupumzika. Ndiyo maana, karne ya 19 ilipokuwa ikielekea ukingoni, watu walianza kuezeka mabati juu ya yale mapaa bapa, na mpaka leo ukiutazama mji kutoka juu ya mnara au ndegeni unaona bahari ya mabati yenye kutu. Hewa ya chumvi huyala haraka. Mifereji ya paa huziba kwa majani makavu na viota vya kunguru. Mfereji ukiziba, maji hufurika kwa ndani, yakashuka katikati ya ukuta, na ukuta wa chokaa ukishalowa mpaka moyoni huchukua muda mrefu mno kukauka.

Hapa niwaambie jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Ule weupe wa kuta unaokuvutia unaweza kuwa ndio ugonjwa wenyewe. Chokaa hupitisha unyevu: ukuta unalowa na kukauka, unalowa na kukauka, na hivyo ndivyo ulivyokusudiwa. Anayetengeneza jumba kwa haraka ili auze hupiga plasta ya saruji, kwa sababu saruji inapatikana dukani, inakauka upesi na inatoka nyororo. Saruji haipitishi. Unyevu uliomo ukutani unakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache plasta inabenuka na kuanguka, tena haianguki peke yake, inang'oa na vipande vya jiwe. Ukienda kuangalia fleti, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hasa karibu na dari na chini karibu na sakafu. Mahali palipoachana na jiwe hutoa mlio mtupu. Usione haya kugonga mbele ya mwenye mali. Nyumba ni yake, lakini fedha ni zako.

Sasa turudi kwenye swali letu, maana lina historia, na historia hiyo ndiyo iliyoufikisha mji hapa.

Zamani jumba lilikuwa na mwenyewe. Alikuwa mfanyabiashara wa karafuu au pembe, Mwarabu wa Oman, Mhindi wa Kutch, Mngazija, Mswahili wa mjini. Akaishi na ukoo wake, na paa lilikuwa lake bila mjadala. Wengine waliziweka nyumba zao wakfu, ili kodi yake iwatunze jamaa, msikiti au mayatima. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba nyingi zikataifishwa, na serikali ikaweka humo familia zilizotoka shamba na Pemba, chumba hiki familia hii, chumba kile familia ile. Wale watu hawakuuharibu mji kama wanavyosingiziwa. Walifagia vyumba vyao, wakasomesha watoto humo, baraza zao zilikuwa safi. Lakini paa lilikuwa la serikali, kodi ilikuwa ndogo sana, na serikali haikuwa na fedha za kuezeka. Kila mtu alikuwa na chumba na hakuna aliyekuwa na paa. Kufikia miaka ya 1980 masika hayakupita bila ukuta kuanguka mahali fulani.

Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Majengo yakahesabiwa, yakakutwa yapata 1,700, na mengi yakiwa hali mbaya. Mwaka 1994 ukapatikana mpango kamili wa hifadhi uliotayarishwa kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia. Kazi kubwa imefanyika, na anayebisha na alitazame jengo la zahanati ya zamani lililojengwa kwa mali ya Tharia Topan pale ufukweni, na roshani zake za mbao zilizochongwa. Lakini heshima ya kimataifa haizuii maji. Beit al Ajaib, kasri la Sultan Barghash lililomalizika 1883, jengo ambalo kila Mzanzibari analijua tangu utotoni, sehemu yake ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, wakati wa kazi ya ukarabati, na mafundi wawili wakafa. Mungu awarehemu. Miaka minane kabla ya hapo kipande kingine cha jengo hilo hilo kilikuwa kimeshaanguka. Lilikuwa limelia muda mrefu kabla ya kuanguka.

Basi katika hali hiyo ndipo likaja wazo la kuuza majumba vipande vipande. Zanzibar ilipitisha sheria ya kondominiamu mwaka 2010, na kwa sheria hiyo mtu anaweza kumiliki fleti yake kwa hati ndani ya jengo moja na wenzake. Mimi siipingi. Jumba moja la ghorofa nne ni mzigo mkubwa kwa familia moja ya leo, na kama wenye uwezo wanane wakilichukua pamoja, jumba linaweza kupona. Nimeona yaliyopona.

Ila elewa vizuri unachonunua. Chako peke yako ni kile kilicho ndani ya kuta za fleti. Msingi, ngazi, kuta za nje, mabomba makuu, ua wa ndani na lile paa ni mali ya pamoja, kila mwenye fleti ana fungu lake lisilogawanyika na ana wajibu wake. Anayenunua fleti ya chini hawezi kusema paa halimhusu. Anayenunua ya juu hawezi kujenga baa ya machweo juu ya paa akaliita lake. Na wote kwa pamoja huunda jumuiya ya wamiliki, na hiyo jumuiya ndiyo mwenye nyumba mpya. Ikiwa hai, nyumba ina mwenyewe. Ikiwa ni jina tu kwenye makabrasha, tumerudi palepale pa miaka ya 1970, safari hii kwa dola.

Anayedhani hayo ni matatizo ya watu maskini na atazame Marekani. Katika mji mdogo wa Surfside, Florida, palikuwa na jengo la fleti za ufukweni la ghorofa 12, Champlain Towers South. Lilikuwa la saruji na chuma, halikuwa hata la kale. Mwaka 2018 mhandisi aliwaandikia wamiliki kwamba maji yanapenya kwenye sakafu ya eneo la bwawa na kwamba zege ya chini yake imeharibika vibaya. Wamiliki wakavutana juu ya gharama. Wajumbe wa kamati wakajiuzulu. Mchango wa ukarabati, dola milioni 15 kwa jumla, ukapitishwa mwaka 2021, na malipo yalikuwa yaanze Julai. Tarehe 24 Juni mwaka huo, usiku watu wamelala, jengo likaporomoka. Walikufa watu 98. Wengi wao walikuwa na uwezo wa kulipa, na ripoti walikuwa nayo.

Kwetu kuna mambo mawili yanayozidisha hatari. La kwanza ni uchache. Jumba la Shangani au Hurumzi likigawanywa hutoa fleti 6, labda 8. Tuchukulie paa linahitaji shilingi milioni 80. Kila mmoja wa wanane atoe milioni 10. Wawili wakikataa au wasipopatikana, imepungua robo, na fundi haezeki robo tatu ya paa. Katika jengo la fleti 200 mdaiwa mmoja hamuumizi mtu. Hapa mmoja anaweza kuwashika wote.

La pili ni umbali. Wanunuzi wengi hawaishi humo. Yuko Dubai, yuko Oslo, anakuja Disemba wiki mbili, na miezi mingine fleti imefungwa au imepangishwa kwa watalii wa siku tatu tatu. Mtalii akiona alama ya maji kwenye dari hasemi kitu, kesho anaondoka. Katika nyumba inayokaliwa, bibi aliyelala chumba cha juu husikia tone la kwanza, akaweka beseni, na asubuhi ukoo mzima unajua. Fleti iliyofungwa tangu Januari inaweza kunyonya masika yote bila mtu kujua, na mwenyewe akija na familia yake Disemba anakuta boriti imeshakatika.

Tena maji hayajui mpaka wa hati. Nyumba za Mji Mkongwe zimeegemeana. Ukuta wa nyumba moja ndio ukuta wa nyumba ya pili, na juu ya vichochoro kuna mawikio yanayoziunganisha. Paa la fleti za kifahari likivuja, anayelowa anaweza kuwa jirani wa Kajificheni au Mkunazini ambaye hakununua chochote, amekaa tu alipokaa mama yake, na hana mwanasheria. Kila ninapowafikiria wanaouza na kununua ninamfikiria yeye kwanza. Hakuna anayemuuliza kura yake katika jumuiya ya wamiliki, na ukuta ukija chini utakuja upande wake pia.

Sasa karatasi. Sitakaa sana hapo, maana mwanasheria mzuri wa Unguja anazijua. Hakikisha jumba si la wakfu, kwa sababu mali ya wakfu haiuzwi, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo pa kuuliza. Hakikisha warithi wote wameridhia, walioko Ng'ambo mjini hapa na walioko ng'ambo ya bahari, maana nyumba moja inaweza kuwa na warithi thelathini na mmoja wao akajitokeza baada ya wewe kuhamia. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na mgeni hapati haki sawa na Mzanzibari, kwa hiyo mgeni aijue hati yake inampa nini na kwa muda gani. Na usikubali kuambiwa kwamba ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe itafuata baadaye. Ghorofa iliyoongezwa bila ruhusa, dirisha lililotobolewa ukutani, tangi kubwa la maji lililokalishwa juu ya boriti za miaka 150, yote hayo ukinunua umeyarithi.

Tangi hilo nalo linanisumbua. Lita 5,000 za maji ni tani 5. Wajenzi wa kale hawakuwahi kufikiria uzito huo juu ya mikoko, na leo kwa sababu maji ya bomba hayaaminiki kila fleti inataka tangi lake. Ukipelekwa kutazama nyumba, omba upandishwe mpaka juu ya dari, uone matangi yamekalia nini. Muuzaji akisema ufunguo wa juu haupo, rudi siku ufunguo utakapokuwepo.

Na omba daftari. Omba kumbukumbu za mikutano ya wamiliki ya miaka mitatu iliyopita na taarifa ya benki ya mfuko wao. Humo ndimo utakapojua paa lilikaguliwa lini, nani hajalipa, na waligombana juu ya nini. Jengo jipya kutengenezwa ambalo bado halina mikutano, mtake mwendelezaji aonyeshe fedha alizotenga kuanzisha mfuko, kwenye akaunti, si kwenye kipeperushi. Kama makadirio ya mchango wa mwezi ni madogo mno, usifurahi. Waulize ni nani aliyeyakadiria, na kama ndani yake kuna mabati, mifereji, chokaa na siku za fundi.

Wapo wanaoniambia kwamba maneno haya yatawafukuza wanunuzi, na Mji Mkongwe unahitaji fedha zao. Unazihitaji, kweli. Lakini mji umeshapata wapenzi wengi wa roshani. Unaowakosa ni watu wa kuchangia mabati. Mnunuzi atakayekimbia kwa kusikia habari ya mifereji angekimbia vilevile siku ya mchango wa kwanza, na kuacha fleti imefungwa juu ya vichwa vya wenzake. Anayebaki baada ya kuyasikia haya yote, huyo tunamtaka, awe wa hapa au wa mbali.

Na wenye madaraka nao wana la kufanya, wala halihitaji fedha nyingi. Hati ya fleti katika jengo la kale la Mji Mkongwe isitolewe mpaka mfuko wa paa uwe na kitu ndani yake. Kila jengo lililogawanywa lipeleke kwa Mamlaka, mara moja kwa mwaka, ripoti ya fundi aliyepanda juu, na nakala apewe jirani wa ukuta mmoja. Mafundi wa chokaa wanaojua kazi wanazeeka. Michango ya wamiliki kwa ajili ya ukaguzi huo inaweza kuwalipa ili waende na vijana, mmoja mmoja, wakiwaonyesha wapi pa kuchomeka bisibisi. Wakati mzuri wa ukaguzi ni Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mabati ni makavu. Tatizo likionekana wakati huo, bado kuna wiki kadhaa za kukusanya michango, kuagiza boriti na kuezeka kabla masika hayajaingia.